HiAce ya dizeli, maji ya samaki na shilingi 7 kwa kila kilomita

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mchuuzi wa samaki, naishi Muyeye hapa Malindi. Miaka minne sasa nakodi gari kupeleka samaki soko la Kongowea, Mombasa, na kurudi na viazi, vitunguu na nyanya. Chama kimenivunjia akiba na kaka yangu ananiongezea kidogo. Nimeonyeshwa HiAce ya mizigo, dizeli, KDH201 ya mwaka 2012, dashibodi inasoma kilomita 164,000. Mwenyewe anasema injini haijawahi kufunguliwa. Wengine wananitisha kuwa dizeli hizi za kompyuta zikiharibika unauza shamba. Niichukue au nitafute ya petroli? Na nikishanunua, litanila kiasi gani kwa mwezi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana wengi huliuliza wakishalipa.

Malindi hadi Kongowea ni kama kilomita 115, kwenda na kurudi 230. Ukienda safari 22 kwa mwezi umeshatembea kilomita 5,060, na hapo sijatia zile za alfajiri kufuata mzigo Mambrui au Ngomeni. Kwa mwaka unapita kilomita 60,000. Kitabu cha gari kimeandikwa kwa kilomita, sisi tunaliendesha kwa siku: jioni dereva analeta hesabu, mwenye gari anazihesabu noti, kilomita za dashibodi hazina mtu wa kuzihesabu. Oili ya kilomita 5,000, ambayo mwenye gari la nyumbani huimwaga mara mbili kwa mwaka, kwako ni ya kila mwezi. Mkanda wa taimingi wa kilomita 100,000 kwako ni wa miezi kama 20. Tairi ndiyo hivyo hivyo.

Sasa mafuta. HiAce ya dizeli iliyopakia, kwa mwendo wa kiungwana, huipigia hesabu ya kilomita 10 kwa lita. Safari moja ni lita 23. Tuseme lita ni shilingi 170 (wewe weka bei ya mwezi wako, EPRA, mamlaka ya kawi, huitangaza kila tarehe 14): hiyo ni 3,910 kwa safari, 86,020 kwa mwezi wa safari 22. Hizo huwezi kuzikwepa na kila mtu anazijua. Wasizozijua ni zile nyingine. Mimi huwaambia wateja wangu watenge shilingi 7 kwa kila kilomita, mbali na mafuta, mbali na bima, mbali na mshahara wa dereva. Kwa kilomita zako ni kama shilingi 35,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza utaona ni nyingi, kwa kuwa utamwaga oili tu na utabadilisha chujio. Usizishike. Mwezi wa kumi tairi nne, breki na bushi zitakuja siku moja kama wageni wa harusi, na mwezi wa 20 ni zamu ya mkanda.

Ukiona kazi yako haiwezi kutoa hizo shilingi 7, basi endelea kukodi. Sikuambii kwa kukuvunja moyo. Aliyekukodisha miaka minne amekuwa akizilipa yeye, au amekuwa hazilipi na gari lake ndilo lililolipa.

Tuje kwenye injini. KDH201 ina injini ya 1KD, lita 3, silinda 4. Waliokutisha hawasemi uongo, ila wameona mwisho wa hadithi hawakuona mwanzo wake. Injini hii haifi kwa kompyuta. Mara nyingi inauawa na washa ya shaba ambayo ukiiweka kwenye kiganja utaidhania sarafu iliyotobolewa.

Kila silinda ina injekta inayopuliza dizeli kwa nguvu kubwa, zaidi ya ba 1,300. Tairi lako likijazwa vizuri ni ba 3 na nusu hivi. Chini ya kila injekta, pale inapokalia kichwa cha injini, pana washa hiyo moja ya kuzuia moto wa silinda usipande juu. Washa ikichoka, moshi na masizi hupenya pembeni ya injekta, vikaingia chini ya kava la tapeti, kile kifuniko cha juu cha injini, na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa lami. Lami hiyo inateremka hadi kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na kujibandika kwenye wavu wa chujio la kunyonyea la pampu ya oili. Siku moja, mara nyingi kwenye mwendo mrefu, pampu inanyonya hewa, oili haifiki kwenye beringi za kranki wala kwenye tabo (turbo), injini inanoki. Mwenye gari anaapa kuwa oili alibadilisha wiki iliyopita, na ni kweli alibadilisha. Oili mpya ilikuwa imejaa kwenye sampu, chujio limeziba.

Nimezifungua kadhaa hapa Malindi. Ukishusha sampu unakuta ule wavu umevaa kitu cheusi kama masizi ya sufuria ya mkaa yaliyokandwa kwa mafuta, unakikwangua kwa bisibisi. Pembeni yake oili safi ya dhahabu, bado mpya.

Kwa hiyo "injini haijawahi kufunguliwa" si sifa. Kwa gari la kilomita 164,000 mimi ningefurahi zaidi kusikia imefunguliwa kava la tapeti, injekta zikatolewa, washa zote nne zikabadilishwa, sampu ikashushwa ikaoshwa. Mimi hufanya hivyo pamoja na mkanda wa taimingi. Washa zenyewe na gaskiti zake hazifiki bei ya kujaza tanki moja la dizeli la lita 70. Injekta nne mpya halisi, ambazo ndizo utakazonunua ukichelewa, zinaweza kufika bei ya pikipiki mpya ya bodaboda.

Dalili zake ujifunze, usimwachie dereva. Asubuhi injini ikiwa baridi utasikia "chuf, chuf, chuf" ndogo chini ya kiti, kama mtu anayepuliza jiko. Harufu ya moshi inaingia ndani, maana kwenye HiAce umeikalia injini na pua yako ndiyo ya kwanza kupata habari. Fungua kifuniko cha oili, pitisha kidole kwa ndani: weusi peke yake si kosa, oili ya dizeli huwa nyeusi mapema, lakini ukiusugua kati ya vidole ukahisi chengachenga au gamba linalong'oka, hapo pana neno. Na ukiwasha, angalia ile taa nyekundu ya oili. Inatakiwa izimike yenyewe mara moja. Ikikawia hata sekunde chache, usiongee bei tena mpaka sampu ishuke.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na kifo lakini ni mafua tu. Gari linapanda na kushuka mlio likiwa limesimama, linazimika ukikaribia bampa la barabarani (tuta), ukipiga stata linawaka kama hakikutokea kitu. Mteja wangu mmoja wa Gongoni aliambiwa kwenye karakana moja kuwa pampu ya dizeli imekufa, akaanza kuchangisha ndugu. Ilikuwa valvu ndogo inayopima dizeli inayoingia kwenye pampu, inafunguliwa kwa bolti mbili. Ilichafuliwa na mafuta ya kwenye mtungi. Dizeli ndiyo grisi ya pampu hiyo. Anayekuuzia iliyochanganywa na mafuta ya taa anakuuzia mchanga. Jaza kwenye kituo unachokijua, badilisha chujio la dizeli kila kilomita 10,000, na mwaga maji yaliyokusanyika chini yake bila kungoja taa ikuambie.

Ikiwa itabidi injekta ibadilishwe, fundi awe na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kila injekta ina namba zake zilizochorwa juu, na lazima ziingizwe kwenye kompyuta, la sivyo injini haitatulia. Mashine hiyo hiyo inaonyesha kila silinda inaongezewa au kupunguziwa dizeli kiasi gani injini ikinguruma gari likiwa limesimama. Ikizidi 3 juu au chini ya sifuri, injekta hiyo imeanza kuchoka. Nimekuta 1KD ambazo injekta moja iliachwa ikimwagia dizeli ovyo hadi pistoni ikapasuka. Hapo ndipo shamba linapouzwa.

Jambo jingine la gari la 2012 kutoka Japani: huwa na chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linapenda safari ndefu yenye moto, linachukia mjini. Kwa bahati yako, safari ya Kongowea ndiyo dawa yake. Muulize muuzaji kama bado lipo au limekatwa. Likiwepo, tumia oili yenye alama ya DL-1, isiyoacha majivu mengi. Likiwa limekatwa, ujue ni nani aliipanga kompyuta upya na aliipangaje, maana wengine huongeza nguvu kwa kuongeza dizeli, na nimeshakwambia habari ya pistoni.

Petroli je? HiAce ya petroli, TRH200, injini ya lita 2, ni ngamia mpole. Haina tabo, haina injekta za presha ya ajabu, ina mnyororo badala ya mkanda, na fundi yeyote wa Majengo anaijua. Lakini ikipakia inakunywa. Usiitegemee ifike kilomita 8 kwa lita ukiwa na mzigo na haraka ya samaki. Ungekuwa unasambaza mikate humu mjini na Watamu ningekwambia petroli bila kufikiri. Kwa kilomita 5,000 kwa mwezi, dizeli, mradi uitunze. Zile HiAce mpya za dizeli, za GDH, zilizotoka mwishoni mwa 2017 zina mnyororo pia, ila bei yake wewe na kaka yako hamjaifikia, na zina tanki la maji ya urea la kuangaliwa. Tuziache.

Kuhusu zile 164,000. Kwenye ukingo wa mlango wa dereva, au chini ya kiti ukikikunja, Wajapani hubandika vistika vya oili na vya mkanda. Herufi hutazisoma lakini namba ni zile zile zetu. Mwaka fulani nilimkagulia mtu gari ambalo dashibodi ilisoma 96,000; stika ya oili, imepauka, imeandikwa 187,000. Muuzaji alisema stika hiyo ni ya gari jingine. Ukikuta pamekwanguliwa na gundi imebaki, hiyo nayo ni barua. Taa ya T-BELT, ya kukumbusha zamu ya mkanda, usiitegemee: inaweza kuzimwa kwa dakika mbili bila mkanda kuguswa. Mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinagongana na pistoni, kwa hiyo kama hakuna risiti wala stika, hesabu kuwa haujabadilishwa, na ubadilishwe wiki ile ile ukinunua, pamoja na pampu ya maji na puli zake.

Sasa niseme la kwetu, ambalo fundi wa Nairobi hatakwambia. Injini haitakuwa adui wako mkubwa. Adui ni maji ya samaki.

Barafu ikiyeyuka ndani ya makreti, maji yake yana chumvi na damu. Yanapita chini ya mkeka, yanatafuta tundu la bolti, yanashuka kwenye reli ya mlango wa kuvuta, kwenye matao ya tairi za nyuma, juu ya ekseli. Ukiongeza upepo wa bahari na vumbi la mashamba ya chumvi ya Gongoni, bati linaliwa kutoka ndani na wewe unapiga rangi nje. Ninalolihofia zaidi ni bomba la breki linalopita juu ya ekseli ya nyuma. Lilipasuka kwa van moja ya samaki iliyokuwa ikiteremka kuelekea daraja la Kilifi. Dereva alikuwa na akili, akashusha gia na kuvuta breki ya mkono, akasimama karibu na wauza korosho. Waliponiletea bomba lile nililivunja kwa vidole, kama biskuti.

Kabla hujapakia kreti ya kwanza, toa mkeka wote. Wekewa sakafu ya karatasi ya alumini au faiba, iliyokunjwa kingo juu, yenye mteremko kidogo na bomba moja la kutolea maji nje, nyuma kabisa, mbali na ekseli. Makreti yawe yasiyotoboka chini. Ukirudi Kongowea, maji baridi ndani na chini ya gari, kila siku. Kila baada ya miezi mitatu, wenzetu hupulizia oili chakavu chini ya gari. Haina ubaya, lakini mwambie kijana asiguse mipira ya breki wala bushi, oili huzilainisha zikavimba. Siku ya kununua, lala chini na tochi, piga kingo za chini ya milango kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Putini inanyamaza.

Springi. Kila mwenye HiAce ya mizigo hapa huongeza jani moja au mawili, na gari hili limeumbwa kubeba kama tani 1 hadi 1 na robo. Kuna jambo wanaoongeza hawalijui. Juu ya ekseli ya nyuma pana valvu inayopima gari limelala kiasi gani, ndiyo inayoamua breki za nyuma zipate nguvu gani. Ukinyanyua gari kwa majani ya ziada, valvu inadhani gari ni tupu, inazinyima breki za nyuma. Za mbele zinafanya kazi yote, padi zinaisha kila mara na mwenye gari analaani spea za kopi. Ukiongeza jani, mkono wa valvu hiyo nao urekebishwe. Bora zaidi usiongeze, punguza kreti mbili. Bojointi za chini mbele, vile viungo vya tairi, zikaguliwe kila ukimwaga oili. Bampa za njia hii unazijua mwenyewe.

Na maji ya rejeta, mwanangu. Maji ya Baricho yakikatika mtu anachota kisimani na kujaza rejeta maji ya chumvi. Injini hii iko chini ya kiti, haina upepo wa kuiokoa. Rejeta ikiziba, kichwa cha injini kinapinda kabla hujafika Matsangoni. Nunua kulanti, maji maalumu ya rejeta, weka galoni moja nyuma ya kiti, na dereva ajue kuwa mshale wa joto ukipanda anasimama, samaki wakioza waoze.

Makaratasi sitayakalisha sana. Gari la biashara lina ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, bima ya biashara ambayo ni ghali kuliko ya gari la nyumbani, na kodi ya mapema ya KRA, mamlaka ya ushuru, inayotozwa kwa tani kwa magari ya mizigo. Hakikisha logbuku, hati ya umiliki wa gari, iko kwa jina la anayekuuzia, na namba ya injini kwenye chuma ndiyo iliyo kwenye karatasi. Usibebe abiria kwenye gari la bima ya mizigo, hata shangazi yako, ajali ikitokea bima itakukana.

Dereva mlipe mshahara, kisha mwongezee kidogo kwa kila mwezi ambao gari halikulala njiani. Ukimwekea hesabu ya siku, kila shilingi ya juu ni yake na kila msumari wa kwenye tairi ni wako. Mpe daftari, aandike kilomita za asubuhi na jioni. Daftari hilo ndilo litakalokuambia lini ni zamu ya nini.

Kwa hiyo: gari hilo la 2012 silikatai. Lakini kwenye bei toa gharama ya mkanda, pampu ya maji, washa nne za injekta, kuosha sampu, kulanti na sakafu mpya. Mwombe fundi wako akuandikie bei zake zote kwenye karatasi moja, umpe muuzaji aisome. Akikataa hata kushusha sampu kwa gharama yako, shukuru na uende zako, HiAce hazijaisha pwani hii.

Akikubali, mwambie utakuja saa kumi na mbili asubuhi na gari lisiwashwe kabla yako. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, kunja kiti cha mbele na uweke kiganja juu ya kifuniko cha injini. Kikiwa na vuguvugu, muulize alfajiri ile walikuwa wanatoka wapi.